Njiti za Kiberiti na Akili ya Bibi

Bibi aliyemaliza kuswali Adhuhuri, naye akauliza kabla maji ya udhu hayajamkauka kama kumeshaadhiniwa, hugeuzwa kichekesho cha watoto katika nyumba nyingi. Akianza kutoka usiku na kupotea njia, vicheko hugeuka minong'ono. Kwa jirani zetu wa Kilifi, tuhuma za uchawi zimewaondolea wazee roho zao, na huko Ganze yakawepo makao ya Kaya Godoma ya kuwahifadhi walioponea chupuchupu.

Qur'ani, katika Suratun-Nahl aya ya 70, imetutajia wale wanaorejeshwa kwenye umri dhalili, wakawa hawajui baada ya kuwa wakijua. Basi hali hii si aibu wala si sihiri. Wala si uzee mtupu: demensia ni maradhi ya ubongo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi nayo, na zaidi ya asilimia 60 yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo, utafiti mwingi umefanywa kwa watu wa Ulaya na Marekani.

Hasara yake ni hii. Wataalamu walipowafuatilia wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nijeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kuwa waliopatwa na demensia kila mwaka walikuwa asilimia 1.35 Ibadan na 3.24 Indianapolis. Lau Ibadan isingeulizwa, nani angeijua tofauti hiyo?

Aliye karibu nasi zaidi ni wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa na asilimia 6.4 wakakadiriwa kuwa na demensia. Vipimo vya kigeni humtaka mtu aandike sentensi na kunakili mchoro. Ajuza asiyepata kushika kalamu atashindwa hata kama akili yake ni timamu. Kikatungwa kipimo kiitwacho IDEA. Mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka maneno 10, hutaja siku na jina la kiongozi wa kijiji, na huulizwa daraja ni nini.

Je, kingetufaa Golbanti? Kwa kiasi. Mama wa Kiorma aliyekulia nyuma ya ng'ombe atataja wanyama hadi dakika iishe, lakini akiulizwa kwa Kiswahili huenda akanyamaza, kwani lugha ya maziwa ndiyo hudumu akili inapopungua. Wapokomo, Waorma na Wawardei hawawezi kuulizwa kwa ulimi mmoja. Tena mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalizihamisha familia nyingi za Tana River. Mtafiti anayetaka kumwona mzee yuleyule mwaka baada ya mwaka atamkuta wapi?

Kisha kuna hofu ya damu. Pwani hii iliyolelewa na hadithi za mumiani haitampa mgeni mkono wa bibi yake kwa sababu tu amevaa koti jeupe, na mimi siwalaumu. Barazani huitwa wanaume, ilhali anayejua bibi alianza lini kutia chumvi mara tatu ni binti au mkaza mwana. Huyo ndiye wa kuulizwa kwanza.

Akija mtafiti, mwambieni aonyeshe leseni ya NACOSTI na idhini ya kamati ya maadili. Aeleze damu itakwenda wapi, matokeo yatarudi lini, na nani atakubali kwa niaba ya mzee asiyeelewa tena. Kukataa ni haki yenu, na hakumnyimi mzee matibabu. Mkikubali, kaeni naye anapoulizwa. Bibi aliyevuka Tana kwa mtumbwi maisha yake yote, akiulizwa daraja ni nini, huenda akajibu jambo ambalo mgeni hatalielewa bila yenu.