Ufuo wa Watu au Ufuo wa Kimya?

Likizo ya Desemba inapokaribia, jamaa nyingi za bara huanza kuhesabu akiba zao na kuulizana ni ufuo upi wa pwani watakaoushukia. Tangu garimoshi la reli mpya lilipoanza kuchukua abiria kutoka Nairobi hadi Miritini mwaka 2017, hata mwenye kipato cha kadiri amepata njia ya kuwaonyesha wanawe bahari na kurudi kabla shule hazijafunguliwa. Lakini akisha kufika Mombasa, mgeni huyu hukuta njia panda. Je, aelekee Bamburi, kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ambao wengi huuita Pirates, au aelekee kusini akautafute mchanga usio na nyayo huko Tiwi?

Na tuanze penye kelele. Siku ya Idi au ya Mwaka Mpya, mtu akiwa Pirates hupata taabu kuuona mchanga kwa wingi wa watu. Kuna ngamia wa kupandwa na maboya ya matairi ya kukodi, kuna viazi vya karai, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, na achari za maembe. Wako wapiga picha wasiokubali jibu la hapana. Wapo watu waungwana wanaoudharau ufuo huu, wakisema ni soko lililoingia maji. Sisi hatumo katika kundi lao. Hapa ndipo mpakuzi wa bandarini na jamaa yake hula sikukuu bila kuulizwa na bawabu wamefikia hoteli gani, na hapa ndipo watoto wengi wa Kisauni walipojifunza kuogelea.

Hata hivyo, umati una udanganyifu wake. Mzazi huona watu mia wamezunguka mtoto wake, akadhani mtoto ana walinzi mia. Kumbe kila mmoja wa hao mia anamtazama wa kwake. Tena mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono, kwa kuwa pumzi yote aliyo nayo anaitumia kutafuta hewa. Hupotea kimya kimya katikati ya vicheko. Waokoaji waliopo hawawezi kuutosheleza umati wa sikukuu, na boya la tairi alilokodishiwa mtoto asiyejua kuogelea si mlezi.

Tiwi ni habari nyingine. Mwamba umeikinga pwani, na maji yakipwa hubaki vidimbwi safi ndani ya mawe ambamo samaki wadogo huonekana kama waliowekwa kwenye chupa. Mtu husikia upepo katika minazi na sauti yake mwenyewe. Mwenye gari hana haja tena ya kupanga foleni ya kivuko cha Likoni, maana barabara ya Dongo Kundu humtoa Miritini hadi kusini bila kuingia kisiwani.

Lakini kimya hicho ndicho kisichoitika mtu aitapo msaada. Mgeni huona maji yamepwa, akatembea juu ya mawe mpaka karibu na mwamba, akasahau kwamba baada ya saa sita hivi mahali hapo patakuwa bahari. Siku za bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huku kwetu yaweza kupita mita 3, nayo maji hayarudi kwa kumfuata mtu kutoka mbele peke yake, bali hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yake. Wavuvi wa hapo huijua saa ya kila siku. Kuwauliza hakugharimu kitu, na ni ajabu jinsi watu waliosoma wanavyoona haya kuuliza.

Kwa rai yetu, mwenye watoto wadogo na aende penye watu, ila aende asubuhi ya siku ya kazi, wakati Pirates penyewe huwa na utulivu ambao wageni wa Tiwi huulipia ghali. Wazee, na wanandoa wapya, watafaidi zaidi kusini, mradi wasiogelee peke yao. Atakayekuja msimu wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, ajue kwamba mawimbi huwa makali na mwani hutapakaa mchangani, hapa na kule.

Liko jambo moja linalotuudhi katika hesabu hii. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama za maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Basi hakuna ufuo wa kimya ulio wa mwenye hoteli. Lakini ufuo huo hufikiwa kwa vijia, na vijia hivyo, baina ya kiwanja na kiwanja, vimekuwa vikizibwa kwa kuta, malango na mbwa. Mwananchi akikosa pa kupitia hurudi Bamburi, si kwa kuchagua, na umati wa huko huzidi kuwa mkubwa kuliko macho ya waokoaji. Tunaitaka serikali ya kila kaunti ya pwani ivipime vijia hivyo, ivifungue na kuviwekea vibao kabla ya sikukuu kuingia.