Daftari la Mama Ndilo Ombi Lako

Vijana wanaonijia Jumamosi hapa Pumwani, Nairobi, wakitaka kuomba nafasi katika shule kubwa za biashara, huanza na swali lile lile: "Shangazi, nijiunge na chama gani chuoni?" Wamesikia kwamba shule hizo hutafuta viongozi, basi wanagombea uweka hazina wa kila klabu. Mimi ni mhasibu, nimelelewa Majengo, na insha nyingi za vijana hawa hupita mikononi mwangu kabla hazijatumwa. Kabla ya kuzungumzia vyeo, huwa nawauliza kwao wanauza nini.

Binti mmoja wa Digo Road, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya biashara, aliniletea insha iliyojaa "shauku" na "ubunifu". Hapakuwa na mtu ndani yake. Nikamuuliza habari za soko la Gikomba. Mamake huuza nguo za watoto za mitumba, na yeye ndiye anayefungua robota alfajiri na kuzigawa: kamera, zile safi zisizo na doa, kisha za wastani, mwisho fagia, zile za kumalizia kwa bei ya kutupa. Tangu mwaka wa kwanza alikuwa akiandika kwenye daftari la mistari robota limetoka kwa nani, kamera ngapi, fagia ngapi. Kurasa zile zilimwonyesha kwamba muuzaji wao wa bei nafuu ndiye aliyekuwa akiwatia hasara, kwa sababu karibu nusu ya mzigo wake ilikuwa fagia. Lakini mama alikuwa akinunua kwa mtu huyo tangu binti akiwa shule ya msingi, na hakutaka kusikia. Wakavutana, hatimaye wakakubaliana wanunue robota moja kwa huyu na moja kwa mwingine, wauze, kisha walinganishe.

Nikamwambia aandike hayo. Mna hesabu, mna mkubwa wa kushawishiwa kwa heshima, mna jaribio lenye matokeo. Shule hizi hufundisha hivyo hivyo. Strathmore Business School, iliyoko Madaraka na iliyoanzishwa mwaka 2005, hutumia visa vya kampuni halisi kama wafanyavyo Harvard: darasa linapewa habari za meneja aliyebanwa, na kila mtu anaulizwa angefanya nini. Aliyewahi kubanwa mwenyewe ana la kusema.

Wengi hudhani MBA, shahada ya uzamili ya biashara, ni ya waliokwisha kufanya kazi miaka mingi, kwa hiyo mwanafunzi wa shahada ya kwanza hana haja ya kujisumbua. Sikubaliani nao. Harvard wana mpango uitwao 2+2: unaomba ukiwa mwaka wa mwisho chuoni, dirisha lao hufungwa mwezi wa Aprili, na ukikubaliwa unafanya kazi miaka 2 hadi 4 kwanza, ndipo unaingia darasani. Stanford nao wana mlango wa namna hiyo. Anayeshtuka mwezi wa Februari wa mwaka wa nne amechelewa.

Mtihani wa kuingilia ndio unaotisha watu. GMAT ya sasa huchukua saa mbili na robo, na ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, lugha, na kusoma takwimu. Alama huanzia 205 hadi 805, na matokeo hudumu miaka 5. Kwa hiyo mimi husema ufanywe mwaka wa tatu, hesabu zikiwa bado moto kichwani. Sehemu ya hesabu hairuhusu kikokotoo, na hapo nimewaona watoto wa Gikomba wakiwapita wenzao, kwa maana wamezoea kurudisha chenji wateja wanne wakiwapigia kelele. Ada inazidi shilingi 25,000, pesa ya chakula cha nyumba nzima. Usiilipe mpaka uwe umefanya mitihani ya majaribio inayotolewa bure na wenye mtihani wenyewe. Unaweza kuufanyia nyumbani kwa kompyuta, ila sharti uwe peke yako chumbani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwetu, ambako chumba kimoja ni jikoni, sebule na kitanda cha watu watano, heri uende kwenye kituo cha mtihani. Kusoma, nenda maktaba ya Kaloleni au ile ya Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan yaliyokarabatiwa na shirika la Book Bunk. Pana meza, pana utulivu.

Alama zako za chuo usijigeuzie mwenyewe ziwe za Kimarekani. Kwetu 70 ni A. Ziandike kama zilivyo, pamoja na ufunguo wa madaraja uliochapishwa na chuo. Na barua za mapendekezo: mhadhiri mwenye darasa la mamia hawezi kukukumbuka kwa jina tu. Mpelekee mapema karatasi moja ya kazi uliyomfanyia.

Kazi ya mtaani kumfungulia mtu milango si jambo jipya. Mwanasiasa Tom Mboya aliacha shule ya Mang'u kwa kukosa karo, akawa mkaguzi wa usafi wa halmashauri ya jiji hili, huku akisoma kwa posta na kuongoza chama cha wafanyakazi. Mwaka 1955 alikuwa Ruskin College, Oxford. Kilichomfungulia njia ni kazi aliyokuwa akiifanya mjini, na vijana wangu nataka wamjue kwa hilo kabla ya barabara yenye jina lake.

Mama wa Digo Road aliniuliza moja tu: "Na karo?" Harvard hutoa msaada kwa kuangalia uhitaji wa mwombaji. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza huhitaji saa 2,800 za kazi, takriban miaka miwili, na kwa MBA una kikomo cha karo unayolipa. Halafu kuna deni la shahada ya kwanza kwa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ambayo mkopo wake huanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Ile miaka ya kazi ya 2+2 ndiyo ya kuupunguza. Tayari binti amefungua ukurasa wa deni hilo kwenye daftari lile lile, nyuma ya hesabu za fagia.