Kupima Ubora wa Maisha Baada ya Jeraha la Ubongo: Nafasi ya Lugha

Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii inaafiki suala ambalo limewashughulisha matabibu kwa takriban miongo mitano: mtu aliyejeruhiwa ubongo katika ajali ya barabarani, kwa kuanguka au kwa kupigwa kichwani anapotoka hospitalini, ni nani anayestahiki kusema amepona kwa kiasi gani? Makala haya yananuia kueleza jinsi kauli ya majeruhi mwenyewe ilivyopata nafasi katika upimaji huo, na kwa nini jambo hilo linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Mnamo mwaka 1974, Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, Uskoti, walibuni kipimo cha kiwango cha fahamu. Mgonjwa hupewa alama kati ya 3 na 15 kulingana na anavyofumbua macho, anavyozungumza na anavyosogeza viungo. Mwaka uliofuata, Jennett na Michael Bond walitoa kipimo cha matokeo chenye madaraja matano: kifo, kuishi bila utambuzi, ulemavu mkubwa, ulemavu wa wastani na kupona vyema. Manufaa ya vipimo hivi hayakanushiki. Hata hivyo, anayetoa alama ni mtazamaji. Mtu anaweza kuwekwa katika daraja la waliopona vyema, ilhali nyumbani anasahau alichotumwa, anaghadhibika bila sababu na marafiki wamemkwepa. Kinyume chake, mwenye ulemavu mkubwa anaweza kuyaridhia maisha yake kuliko wanavyodhani wanaomtazama.

Ili kuziba pengo hilo, watafiti wa mataifa mbalimbali walichapisha mwaka 2010 hojaji iitwayo QOLIBRI, iliyoundwa mahususi kwa waliojeruhiwa ubongo. Ina maswali 37 katika nyanja sita. Nyanja nne za kwanza, yaani uwezo wa kufikiri, mtazamo kuhusu nafsi, kujitegemea katika shughuli za kila siku na mahusiano ya kijamii, humwuliza mtu ameridhika kwa kiasi gani. Mbili za mwisho, hisia na matatizo ya kimwili, humwuliza anasumbuliwa kwa kiasi gani. Majibu hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100.

Ni kweli kwamba jeraha lenyewe linaweza kumnyima mtu uwezo wa kutambua upungufu wake, na wengine hawawezi kujibu kamwe. Kwa hivyo, kauli ya majeruhi haifuti ile ya daktari wala ya jamaa zake, bali huikamilisha.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Hojaji hiyo hutoa majibu ya ngazi tano, kuanzia kutoridhika hata kidogo hadi kuridhika sana. "Kidogo", "kwa kiasi" na "sana" ni maneno mepesi. Lakini ni neno gani litakalosimama kati ya "kwa kiasi" na "sana" pasipo kumkanganya msikilizaji? Mfano mwingine umo katika SF-36, hojaji ya afya kwa jumla kutoka Marekani, ambayo katika swali moja hutaja kusukuma mashine ya kufyonza vumbi na kucheza gofu. Kutafsiri maneno hayo sisisi hakumsaidii mkulima anayechota maji mtoni. Utafiti kuhusu toleo la Kiswahili la hojaji hiyo nchini Tanzania ulichapishwa mwaka 1999, ithibati kwamba kazi hii inawezekana. Aghalabu tafsiri hurudishwa katika lugha chanzi na mfasiri mwingine, matoleo yakalinganishwa, kisha wagonjwa wakaulizwa wameelewa nini.

Kwa kuhitimisha, tafsiri mbovu ya hojaji si kosa la mtindo tu. Anayejibu swali asilolielewa huweza kuhesabiwa miongoni mwa waliopona, na msaada aliouhitaji ukampita. Mwanaisimu na mfasiri wa Kiswahili, basi, wana wajibu kando ya kitanda cha mgonjwa.