Chakula Kikavu cha Akiba: Kinga ya Kaya Siku za Mafuriko

Wakazi wa Chekereni na vijiji jirani vya tambarare ya Moshi wanaishi kwa neema ya maji yashukayo kutoka Mlima Kilimanjaro. Maji hayo ndiyo yanayonywesha mashamba ya mpunga ya Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987. Hata hivyo, mvua za masika zinapozidi, maji hayo hayo hugeuka kuwa hatari. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliyakumba maeneo kadhaa ya nchi yetu, Wilaya ya Moshi ikiwemo.

Katika siku za namna hiyo, kaya yenye gunia la mahindi na debe la maharage inaweza kulala njaa. Umeme ukikatika, mashine ya kusaga husimama. Kuni hulowa, barabara ya sokoni haipitiki, na maharage huhitaji saa nyingi jikoni. Kwa hiyo, pamoja na akiba ya kawaida ya nafaka, kila kaya inashauriwa kuwa na akiba ndogo ya chakula kilichokaushwa ambacho huliwa kwa maji na moto kidogo.

Mafunzo ya mlimani na ya mababu

Maji huchemka kwa nyuzi joto 100 usawa wa bahari, lakini katika kambi ya Kibo, mita zipatazo 4,700 juu, huchemka kwa takriban nyuzi 85. Maharage makavu huko hayaivi vyema hata yakikaa jikoni kwa muda mrefu. Ndiyo maana baadhi ya wapanda mlima hubeba milo iliyopikwa kwanza, kisha ikakaushwa. Milo hiyo ni myepesi, nayo huhitaji kuongezewa maji ya moto tu.

Maarifa haya si mageni nchini. Wasukuma hutengeneza michembe kwa kukausha vipande vya viazi vitamu vibichi, na matobolwa kwa kuvichemsha viazi kabla ya kuvikausha. Michembe hupikwa kwanza ndipo iliwe, ilhali matobolwa yamekwisha kuiva. Kwa siku ya dharura, tofauti hiyo ni kubwa.

Namna ya kukausha

Bakteria na ukungu haviwezi kukua pasipo maji. Chakula kikikauka vya kutosha, hudumu kwa miezi mingi. Uzito nao hupungua sana: kilo 10 za nyanya, zikikaushwa vizuri, hubaki chini ya kilo moja. Kwa eneo letu, miezi ya Januari na Februari, yenye jua kali kabla ya masika, ndiyo inayofaa zaidi.

1. Osha mikono, vyombo na chakula kwa maji safi. Kata ndizi, nyanya au viazi katika vipande vyembamba vinavyolingana.

2. Chovya mboga za majani katika maji yanayochemka kwa dakika mbili hadi tatu, kisha zichuje. Zikaushe kivulini penye upepo, kwa kuwa jua la moja kwa moja huharibu vitamini A.

3. Tandaza tabaka moja juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, na ufunike kwa chandarua kuzuia nzi na vumbi. Kaushio la jua lenye fremu ya mbao na nailoni angavu hukausha kwa haraka zaidi.

4. Maharage na wali uliopikwa vikaushwe tu na kaya yenye oveni au kaushio linalofikia nyuzi 60, na vikauke siku hiyo hiyo. Vikilala na unyevu, huweza kuzalisha sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Vipikwe bila mafuta, kwani mafuta huchacha.

5. Hakikisha ukavu. Majani yapukutike mkononi, na vipande vya viazi vivunjike badala ya kupinda. Weka chakula katika chupa angavu kwa wiki moja. Umande ukionekana ndani, kikaushe tena. Ukungu ukionekana, kitupwe chote.

Hadhari ya ukungu si ndogo. Sumukuvu iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Kiasi na mahali pa kuhifadhi

Mgao wa dharura wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa kawaida huwa na gramu 400 za nafaka, gramu 60 za mikunde na gramu 25 za mafuta kwa mtu mmoja kwa siku. Kwa kipimo hicho, kaya ya watu watano huhitaji, kwa siku tatu, kilo 6 za nafaka, gramu 900 za mikunde na gramu 375 za mafuta. Mboga kavu na chumvi viongezwe.

Chakula kikavu bila maji safi hakina msaada. Mafuriko huchanganya maji ya visima na uchafu wa vyoo. Hivyo, kaya hiyo iweke angalau madumu matatu ya lita 20 yaliyojazwa maji salama kabla ya masika.

Hifadhi chakula katika vyombo vikavu visivyopitisha hewa, andika tarehe, na uviweke juu, mahali ambapo maji hayatafika. Masika yakipita salama, akiba hiyo iliwe, na nyingine iandaliwe msimu ufuatao.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kata na kijiji. Kamati hufanya kazi vyema pale kaya zinapoweza kujilisha kwa siku za mwanzo, kwa kuwa msaada wa kwanza hupaswa kuwafikia wazee, wagonjwa na waliopoteza makazi. Kwa ushauri zaidi, wananchi wamwone Afisa Kilimo wa Kata au Mtendaji wa Kijiji.