Spikeheart: Mwamba wa Kelele

Kitaa chetu hiki cha Kaoze, huku Ufipa, ukipiga ukelele saa nane za usiku, majirani hawaulizi ni ngoma ya nani. Wanauliza umetumwa na nani. Ndiyo maana nikitaka kumsikiliza Lord Spikeheart kwenye sabufa ya geto nafunga dirisha kwanza, na siyo kwa ajili ya baridi ya mwezi wa saba tu.

Jamaa ni Mkenya, jina la kwao Martin Kanja. Katokea kwenye metali, ule muziki wa fulana nyeusi na magitaa yanayokwaruza, ambao Nairobi una masela wachache ila wabishi kinoma. Akaungana na mshikaji wake Sam Karugu, wakaunda Duma. Hapo ndipo watu walipodata. Karugu anapika biti kwenye mashine, madramu yanamwagika kasi ambayo mguu wa binadamu hauwezi, Kanja anaunguruma juu yake. Albamu yao ya kwanza, Duma, waliirekodi Kampala, ikaachiwa 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes.

Lebo hiyo siyo ngeni kwetu. Ndiyo iliyotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, singeli ya Mburahati, Dar, ikavuka maji. Kwa hiyo nawashangaa Wabongo wanaosema Duma ni kelele tupu. Mtu umekesha kwenye vigodoro, leo kasi inakutisha nini? Sawa, tofauti ipo: singeli inakuchekesha, hii inakukaba koo. Na wala fujo yenyewe haikuanza juzi. Napalm Death, bendi ya Birmingham, Uingereza, waliachia albamu ya Scum tangu 1987, sema wao walikuwa na mpiga dramu wa nyama na damu.

Mcheki Kanja jukwaani sasa. Bendi hakuna. Kuna maiki, kuna rasta zinazoruka huku na huku, kuna biti. Anajikunja mpaka paji la uso linakaribia magoti, sauti inaanza chini kabisa kama trekta bovu linalowashwa asubuhi ya baridi, halafu ghafla inachomoka juu, nyembamba, inakata. Ukija kushtuka mwamba keshashuka, yuko katikati ya watu, anakuungurumia usoni. Mimi hiyo naiita maigizo ya mwili mzima, siyo shoo ya kuimba tu.

Baada ya Duma akasimama mwenyewe. Aprili 2024 kaachia The Adept kupitia lebo yake, Haekalu. Humo anamuenzi bibi yake mkuu, Muthoni wa Kirima, yule mwanamke wa Mau Mau aliyefika cheo cha field marshal. Mama huyo aliingia msituni kupigana na Mwingereza, na rasta alizofuga huko hazikuguswa na mkasi mpaka 2022, alipokubali zinyolewe na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza wa Kenya. Septemba 2023 akafariki. Hakuwahi kuisikia albamu ikitoka.

Ukishalijua hilo, ule mngurumo unaanza kuusikia vingine. Wale wanaomwita Spikeheart shetani kwa sababu ya rasta na makelele nadhani hawajui hata Waingereza walikuwa wanawaitaje watu wa msituni.

Kwenye albamu hiyohiyo yumo Backxwash, rapa anayeishi Kanada aliyebeba tuzo ya muziki ya Polaris 2020. Kazaliwa Zambia, yaani hapo tu ukivuka mpaka wa Kasesya. Tunajiona tuko pembeni ya dunia huku Ufipa, kumbe majirani wamo kwenye mchongo.

Redioni usitegemee kumsikia Spikeheart. Mtafute mwenyewe mtandaoni, anza na "Lionsblood" ya Duma, ukivumilia hadi mwisho ndiyo uingie The Adept. Bando ikiwa ndogo shusha usiku. Halafu vaa hedifoni, maana bibi mwenye nyumba hana utani na vitu vya usiku.