Daktari wa Picha: Njia ni Mbili

Uliza darasani ni nani anayetaka udaktari, utaona msitu wa mikono. Uliza sasa, udaktari upi? Kimya! Leo nitaeleza matawi mawili ambayo wengi huyachanganya: radiolojia na tiba ya nyuklia.

Mwaka wa 1895, Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua eksirei. Katika radiolojia, mashine iko nje na miale hupenya mwilini. Picha huonyesha umbo: mfupa umevunjikia wapi, uvimbe una ukubwa gani. Daktari huyu husoma pia picha za ultrasaundi, ambazo hutumia sauti, si miale.

Tiba ya nyuklia ni kinyume chake. Mgonjwa hudungwa au hunywa dawa yenye mnururisho, kisha miale hutoka mwilini mwake na kunaswa na kamera. Picha huonyesha kazi: je, figo hii inachuja? Isitoshe, tawi hili hutibu. Iodini-131 huua saratani ya tezi ya shingoni.

Je, uchague ipi? Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, shahada ya kwanza ya udaktari ni miaka 6, halafu kuna mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Ubingwa huja baadaye. Huko Marekani, baada ya mwaka wa mazoezi, radiolojia huchukua miaka 4 na tiba ya nyuklia miaka 3. Utasema, basi nichukue ile fupi! Ngoja kwanza. Siku hizi mashine moja hutoa picha ya umbo na ya kazi kwa pamoja, na mwajiri humtaka anayezisoma zote. Aliyesomea nyuklia pekee hutaabika kupata kazi.

Pia kuna dawa yenyewe. Teknetiamu-99m, inayotumiwa sana, hupungua nusu kila baada ya saa 6. Ikitayarishwa saa 12 asubuhi, kufikia saa 12 jioni imebaki robo. Bila dawa ya karibu, bingwa huyo atakaa bure, ilhali mwenzake wa ultrasaundi anahudumia wajawazito hata wilayani.

Kwa maoni yangu, anza na radiolojia, kisha uongeze nyuklia. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini wewe unayetaka kutibu, si kusoma picha tu, nyuklia isikutishe.

Njia zote mbili zina mlango mmoja: Fizikia, somo lile tunalolitoroka. Haya, wenye mikono juu, mpo?