Mpelelezi na Mpiganaji: Istilahi za Vita na Ushujaa wa Muthoni wa Kirima

1.0 Utangulizi

Makala hii inakusudia kuonyesha jinsi istilahi za vita zinavyoweza kuuficha ushujaa wa wanawake. Mfano unaotumika ni wa Muthoni wa Kirima wa Nyeri, nchini Kenya, aliyeanza kama mpelelezi wa Mau Mau kijijini, kisha akawa mwanamke pekee aliyepewa cheo cha Jemadari Mkuu katika jeshi la msituni. Maisha yake husimuliwa kana kwamba vita vyake vilianza siku alipoingia msituni. Hoja yetu ni kwamba vilianza kabla ya hapo.

2.0 Upelelezi Kijijini

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Wapiganaji waliojificha katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya walihitaji chakula, dawa, risasi na, zaidi ya yote, habari: askari wako wapi, ni wangapi, watapita njia ipi. Habari hizo zilikuwa kwa watu waliobaki nyumbani, wengi wao wakiwa wanawake. Muthoni, ambaye mumewe alikuwa msituni, alikuwa miongoni mwa waliozipeleka. Alishukiwa, akapigwa vikali na askari walinzi waliokuwa upande wa serikali, na hatimaye akaingia msituni mwenyewe.

Uzito wa kazi hiyo unathibitishwa na adui. Sheria za hali ya hatari ziliadhibu kwa kifo si kubeba silaha tu, bali hata kushirikiana na wapiganaji. Kuanzia mwaka 1954, watu zaidi ya milioni moja walihamishiwa katika vijiji vya lazima, vingi vikiwa vimezungushiwa mahandaki na seng'enge, ili mawasiliano kati ya nyumba na msitu yakatwe. Ni vigumu kueleza gharama kubwa kiasi hicho iwapo waliobaki nyumbani hawakuwa sehemu ya vita.

3.0 Tatizo la Istilahi

Licha ya hayo, maofisa wa kikoloni waliwaita watu hao kwa jina la Kiingereza lenye maana ya tawi tulivu, yaani tawi lisilotenda. Waandishi wengi wa baadaye walilirithi jina hilo pamoja na mtazamo wake.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Nomino mpiganaji na mpelelezi, zikiwa za ngeli ya M-/WA-, hazibainishi jinsia. Kwa hiyo tatizo haliko katika viambishi vya ngeli. Liko katika mashina ya vitenzi. Kitenzi pigana kina kiambishi cha kutendana -an-, ambacho hudai pande mbili zinazotendana waziwazi. Mpelelezi hufanikiwa pale tu ambapo upande wa pili haujui kwamba unapigwa. Kazi yake, kwa maana hiyo, haiingii kwa urahisi katika shina hilo.

Badala yake, kazi ya wanawake hao husimuliwa kwa vitenzi vya nyumbani: kupika, kubeba, kupeleka, kuficha. Vitenzi hivyo ndivyo vilivyokuwa kinga yao. Mwanamke aliyebeba mzigo wa kuni hakutiliwa shaka kwa sababu kubeba kuni lilikuwa jambo la kila siku. Kinga iliyomlinda mbele ya askari ndiyo iliyomficha baadaye mbele ya mwanahistoria.

4.0 Jina la Msituni

Wenzake wa msituni walilitambua jambo hili mapema. Dedan Kimathi alimlinganisha Muthoni na ndege aitwaye thonjo kwa Kigikuyu, yaani mnana, kwa jinsi alivyosuka mipango. Inafaa kuzingatia kwamba sitiari hiyo haikutoka katika msamiati wa silaha. Mnana hufuma kiota chake unyasi kwa unyasi, na usukaji wa habari huhitaji subira ya namna hiyo hiyo. Kimathi alikamatwa mwaka 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957; Muthoni hakutoka msituni hadi Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963.

5.0 Hitimisho

Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wadai 5,228. Muthoni alifariki tarehe 4 Septemba 2023. Mashahidi waliosalia ni wachache, na wengi wao hawakupata cheo chochote.

Mtafiti anayekusanya masimulizi yao hana budi kuchagua kitenzi kwa uangalifu. Akimwuliza mwanamke mzee, "Bibi, ulipigana?", huenda akajibiwa, "La, nilipeleka chakula tu," na shajara ikafungwa. Afadhali amwulize alipeleka nini, kwa nani, alipita wapi, na angefanywa nini lau angekamatwa. Katika majibu ya maswali hayo ndimo vita vyenyewe vilimo.